Mahojiano ya mwisho ya viza ya ndoa: mwongozo kamili kwa Mzanzibari anayemfuata mwenzake Ujerumani

Katika majalada ya viza ya ndoa niliyosaidia kuyapanga hapa Unguja, mengi yaliyokwama yalikuwa ya ndoa za kweli zilizoelezwa vibaya. Mtu amelelewa akijua kuwa ya nyumbani hayatolewi barazani. Siku moja anakalishwa mbele ya mgeni na kuulizwa mahari yalikuwa kiasi gani, usiku wa harusi walilala nyumba ya nani, mumewe asubuhi anakunywa nini. Anajibu kwa haya, kwa mkato, macho chini. Anayeandika upande wa pili wa kioo anaona mtu anayeficha kitu.

Mwongozo huu ni wa Mzanzibari aliyekwisha kufunga ndoa na mtu anayeishi Ujerumani, awe Mjerumani au mwenzetu mwenye ukaazi wa huko, na maombi yake yamefika kwenye mahojiano. Sheria za Uingereza, Marekani na kwengineko ni nyengine kabisa, kwa hivyo ushauri wa jirani aliyekwenda London usiuchanganye na huu. Lakini namna ya kuielezea harusi ya kwetu kwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria hata moja, hiyo itakufaa popote.

Hatua ya 1: Jua unaitiwa nini

Maombi siku hizi hujazwa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kisha unapangiwa siku ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, kuonyesha karatasi zako za asili na kujibu maswali machache dirishani. Baada ya hapo jalada linapelekwa Idara ya Wageni ya mji anaoishi mwenzako, ile ambayo kwenye barua zake utaiona imeandikwa Ausländerbehörde. Ubalozi hautoi viza ya ndoa mpaka idara hiyo iridhie, na hapo ndipo miezi inapokwenda.

Ikiwa upande wowote una mashaka, mnaitwa tena, na haya ndiyo mahojiano ya mwisho. Wewe unakaa ubalozini Dar, mwenzako anakaa ofisini kwao, siku ile ile na wakati ule ule, ili msipate nafasi ya kupeana habari. Mnaulizwa maswali yale yale, majibu yanaandikwa, kisha karatasi mbili zinalinganishwa. Si kila ndoa inayoitwa. Wengine hupata viza baada ya yale mazungumzo ya mwanzo tu. Na aliyeitwa hajakataliwa. Kama wangekuwa wameshaamua kukunyima wangekuandikia barua, wasingekutafutia siku.

Wanachotafuta ni kimoja: je, ndoa hii ipo kwa ajili ya kuishi pamoja, au ipo kwa ajili ya karatasi? Sheria yao ya ukaazi, kifungu cha 27, inawazuia kumpa viza mtu ambaye ndoa yake ni ya kuigiza, na pia inazuia pale ambapo mmoja amelazimishwa. Kifungu cha 95 kinamtia hatiani anayetoa maelezo ya uongo ili apate viza: faini au kifungo cha hadi miaka 3. Nakutajia hili mapema kwa sababu kuna watu mitaani watakaokuuzia hadithi tayari ya namna mlivyokutana. Usiinunue hata kama hadithi yako ya kweli unaiona ya aibu.

Hatua ya 2: Majina na karatasi ziseme kitu kimoja

Kaa chini siku moja nzima, tandaza karatasi zako zote mkekani, uzisome kama unamsoma mtu mwengine.

Kwanza jina. Sisi tuna jina, jina la baba, jina la babu, na mke haachi jina la baba yake anapoolewa. Ujerumani watu wana jina la ukoo, kwa hivyo afisa atauliza kwa nini Asha Juma Khamis ameolewa na Mohamed Ali Said na bado haitwi Said. Jibu ni sentensi moja: kwetu mwanamke hubaki na jina la babake maisha yake yote. Tatizo zaidi ni tahajia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, pasi inasema Hamisi, hati ya ndoa inasema Khamisi. Kwa macho yetu ni mtu mmoja, kwao wanaweza kuwa watatu. Pale panaporekebishika, rekebisha kabla ya siku ya miadi kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Pasiporekebishika, pata hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja. Na kama mtaa mzima unakujua kwa jina ambalo halimo katika karatasi yoyote, mwambie mwenzako alijue jina lako la pasi. Wapo waume wanaoulizwa jina kamili la mke wakamtaja kwa jina la utani.

Hati ya ndoa ina suala lake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Kwa hivyo mwenzako akisoma mtandaoni kwamba ndoa ya Tanzania inathibitishwa na cheti cha aina fulani kutoka RITA, mtulize: RITA ni ya Bara pia. Ndoa yako imefungwa kwa sheria ya Kiislamu na kusajiliwa Zanzibar, na hati inayotolewa hapa ndiyo hati yenyewe. Kama harusi ilifungwa na sheikh wa mtaani na mpaka leo haijasajiliwa, anza na hilo, maana mengine yote yanasimama juu yake.

Waliowahi kuoa au kuolewa kabla wana kazi ya ziada. Talaka ya mdomo inayojulikana mtaa mzima haina uzito dirishani. Tafuta karatasi ya talaka iliyosajiliwa, na kama haipo nenda Mahkama ya Kadhi ya wilaya yako ueleze, upatiwe kitu cha maandishi. Kisha angalia tarehe: talaka lini, eda ilimalizika lini, ndoa mpya lini. Aliyeolewa kabla ya eda kumalizika atapata matatizo mawili, la kwetu na la kwao. Kwa aliyefiwa na mume, hesabu ni miezi 4 na siku 10, na cheti cha kifo kiwemo kwenye jalada.

Hapa hapa niliseme na la wake wawili, maana wanaume hulipita kimya kimya. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mke mmoja tu kumfuata mume anayeishi na wake wengi, na mume Mzanzibari aliyeoa Mjerumani huku ana mke Makunduchi ambaye hajamwacha asitarajie kuwa halitajulikana. Sheha anajua, majirani wanajua, na karatasi za watoto zinasema.

Aliyesilimu kwa ajili ya ndoa aje na cheti chake cha kusilimu. Afisa akiuliza kama mumeo alisilimu ili akuoe, na ukweli ndio huo, sema ndiyo. Si kosa kwa sheria yao. Kosa ni wewe kusema amekuwa Muislamu miaka 10 na yeye huko akasema alitamka shahada wiki moja kabla ya nikahi.

Hatua ya 3: Kijerumani cha A1, na usikiache kabatini

Tangu 2007 mume au mke anayekwenda Ujerumani hutakiwa kuonyesha kuwa anajua Kijerumani cha msingi, kiwango cha A1. Goethe-Institut ya Dar es Salaam, iliyopo Upanga, inafundisha na kutahini. Mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Wapo wasiotakiwa: mke wa raia wa nchi nyengine ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ujerumani, mtu ambaye maradhi au ulemavu unamzuia kujifunza, na wengine wachache. Mahkama ya juu ya utawala ya huko iliamua 2012 kwamba mke au mume wa Mjerumani aliyejitahidi kweli kwa mwaka mzima akashindwa asizuiliwe kwa sababu hiyo peke yake. Lakini juhudi hizo zithibitishwe: stakabadhi za ada, mahudhurio, matokeo ya mitihani uliyoanguka. Kwa mtu wa Wete au Micheweni asiye na darasa karibu, hilo ni la kulijua.

Cheti kikishapatikana watu hulifunga daftari. Halafu miezi inapita, na siku ya mahojiano afisa anakuamkia kwa Kijerumani na kukuuliza unaishi wapi. Ukibaki kumtazama, ataanza kujiuliza cheti kile ni cha nani. Zungumza na mwenzako Kijerumani dakika chache kila siku, hata cha kuchekesha.

Hatua ya 4: Pangeni kalenda moja

Hii ndiyo sehemu inayowaangusha Wazanzibari wengi wasio na hatia yoyote, na tiba yake ni daftari na jioni moja ya simu.

Bibi yangu, kama bibi yako, hakuhesabu Aprili wala Novemba. Alihesabu mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo sita. Nasi bado tunakumbuka mambo makubwa hivyo: tumeposana baada ya Maulid, tumeoana mfunguo pili, mtoto kazaliwa Rajab. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo ukijaribu kuugeuza kichwani mbele ya afisa utakosea. Andikeni tarehe za kawaida za mambo yafuatayo na mhakikishe nyote mnakubaliana: siku mliyokutana, posa, nikahi, sherehe kama ilikuwa siku nyengine, kila safari aliyokuja na aliyorudi, na ndoa ya serikali ya Ujerumani kama mlifunga na huko. Mihuri iliyomo katika pasi yake itawasaidia.

Halafu kuna usiku. Ndoa iliyofungwa baada ya isha ya Alkhamisi sisi tunaiita ya usiku wa Ijumaa, maana siku yetu huanza magharibi. Mume wa Kijerumani anakumbuka Alkhamisi. Nyote mko sawa, na karatasi zenu zinapingana. Na kuna saa: ukisema nikahi ilisomwa saa kumi, yeye ataandika saa kumi ya kwao, ambayo kwetu ni saa nne. Sema “saa kumi alasiri” na uongeze kuwa kwa hesabu ya Ulaya ni saa 16. Mkalimani mzuri atalijua hili, lakini usimtegemee.

Hesabuni na ndugu. Fomu inauliza ndugu zako wangapi, nawe mwaka mzima umemtambulisha kila mtoto wa baba mdogo kuwa ni kaka yako. Mumeo atasema 11, wewe utasema 4. Mfundishe nani ni wa tumbo moja, nani wa baba mmoja, nani ni mtoto wa shangazi, na nani alilelewa tu nyumbani kwenu. Naye akufundishe wa kwake, hata kama ni dada mmoja tu anayeonana naye Krismasi.

Hatua ya 5: Jifunze kuisimulia harusi yako

Fikiria swali hili: “Ulikuwepo wakati ndoa inafungwa?” Msichana wa Kizanzibari mkweli atajibu hapana. Alikuwa ndani na wanawake wenzake, kapakwa hina, anasubiri. Nikahi ilisomwa msikitini, au ukumbini kwa wanaume, kati ya walii wake na bwana harusi, mbele ya mashahidi wawili. Kwa afisa, ndoa iliyofungwa bila ya bibi harusi ina harufu mbili mbaya: ya kuigiza na ya kulazimishwa.

Jibu lako liwe refu kuliko neno moja. Eleza kwamba kabla ya nikahi uliulizwa idhini yako. Nani alikuja kukuuliza? Baba, sheikh, walii mwengine? Alikwambia nini, nawe ukajibu nini? Kwetu bikira akinyamaza huhesabiwa ameridhia, lakini usimwambie afisa kuwa ulinyamaza ukaishia hapo. Mwambie ulikuwa unataka kuolewa na mtu huyu, na lini ulimwambia mama au shangazi kuwa unamtaka. Kisha eleza yaliyofuata: bwana harusi alikuja kukupa mkono, akaweka kiganja kwenye paji la uso wako, akaomba dua, mkakaa pamoja watu wakawatazama. Sasa afisa ana harusi ya kuandika.

Mahari nayo ina mtego wake. Watu wa kule husikia pesa za ndoa wakadhani binti kanunuliwa. Sema mahari ni haki ya mke, ni mali yako, na taja kiasi, kilicholipwa na kilichobaki deni kama kipo. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni vitu mbali. Kama mume alivitoa, kila mmoja wenu ajue alimpa nani nini. Wanaume Wajerumani mara nyingi hutoa bahasha kwa mjomba bila kujua ya nini. Mweleze sasa, asije akasema huko kwamba “nililipa familia”.

Picha huleta taabu kwa wanaojistiri. Sherehe ya wanawake hupigwa picha nyingi na zote haziwezi kutoka nje ya familia, kwa hivyo bibi harusi anafika ubalozini bila picha hata moja aliyokaa na mumewe. Si lazima utoe picha zako za kichwa wazi. Chagua chache zenye heshima: mkiwa pamoja umevaa buibui, mume na baba yako siku ya nikahi, mume akila na ndugu zako nyumbani, mkiwa Forodhani, mkiwa na wazee. Nyuma ya kila moja andika mahali, tarehe na majina. Picha kumi zilizoandikwa zinashinda simu yenye picha elfu. Kadhalika mazungumzo ya WhatsApp: chapisha kurasa chache za miezi mbali mbali, za mambo ya kawaida ya maisha, kodi, mgonjwa, mbona hujapiga simu. Yale ya faragha yaache yalipo.

Hatua ya 6: Mjue mwenzako wa upande wa pili

Maswali mengi ni mepesi, na wepesi wake ndio unaowakamata watu. Anafanya kazi gani, wapi, anakwenda na basi au baiskeli? Nyumba yake ina vyumba vingapi, ghorofa ya ngapi? Mama yake yu hai, anaishi wapi, anajua kuwa mmeoana? Aliwahi kuoa, na kama ndiyo mtalaka wake anaitwa nani? Ana maradhi yoyote? Mara ya mwisho mlionana lini na mlifanya nini? Mkiongea mnatumia lugha gani, na mkigombana mnagombania nini? Nani aliyesema kwanza habari ya kuoana? Ukifika utaishi wapi, utafanya nini mwaka wa kwanza?

Mwombe akuonyeshe nyumba kwa simu ya video, chumba kwa chumba, afungue na friji. Nawe mwonyeshe kwenu. Na mtoe undani wa pale unapoishi. Kusema “Michenzani” hakutoshi, ingawa Ujerumani Mashariki ndiyo iliyosaidia kuyajenga yale majumba baada ya Mapinduzi ya 1964: taja jumba namba ngapi, unapanda ghorofa ya ngapi, unaishi na nani. Wa Pemba ataje shehia, na aseme ni mwendo gani kutoka Chake.

Msikariri majibu. Wawili waliokariri hujulikana upesi, maana maneno yao yanafanana mpaka vituo, na swali likigeuzwa kidogo wote wawili wanapotea. Kumbukumbu za kweli hazifanani kabisa: yeye anakumbuka ulivaa kanga nyekundu, wewe unakumbuka ilikuwa ya machungwa. Hilo halimtishi afisa yeyote. Linalomtisha ni yeye kusema mlikutana Paje kwenye harusi ya rafiki na wewe kusema mlijuana Facebook.

Kuhusu ndoa zenye pengo kubwa la umri nitasema wazi. Kijana wa Nungwi wa miaka 25, aliyekuwa akiwatembeza wageni ufukweni, akioa mwanamke wa miaka 55, ataulizwa zaidi kuliko wengine, na ataulizwa kwa namna itakayomuudhi. Asijibu kwa hasira, wala asikatae kuwa alikuwa papasi kama alikuwa. Aeleze walivyojuana, amekuja mara ngapi, kwa nini wanataka kuishi huko na si hapa, na wamezungumza nini kuhusu watoto. Hilo la watoto litaulizwa hakika. Kama hamjawahi kulizungumza, lizungumzeni kabla, kwa faida yenu hata bila ya ubalozi.

Hatua ya 7: Mazoezi

Tafuta mtu asiye wa nyumbani. Mama atakusahihisha kila ukitaja jambo la ndani, na dada atacheka. Mwalimu wa skuli, au mtu aliyewahi kupita hapo, anafaa. Akuulize nusu saa, nawe ujibu kwa sentensi kamili huku unamtazama usoni. Najua kwetu kumtazama mkubwa machoni, hasa mwanamke kumtazama mwanamume, si adabu. Pale kioo kinawatenganisha na ni kazi. Ukiona tabu, mtazame katikati ya nyusi.

Jifunze kusema mambo mawili: “sikufahamu swali, nirudilie tafadhali” na “sikumbuki”. Kutokukumbuka tarehe ya kuzaliwa ya shemeji si kosa. Kuibuni ndiyo kosa.

Hatua ya 8: Safari ya Dar

Usivuke siku ile ile. Boti ya haraka kutoka Malindi huchukua kama saa mbili bahari ikiwa tulivu, na msimu wa kusi bahari si ya kuaminiwa. Wa Pemba ana njia ndefu zaidi, kushuka Mkoani na kupitia Unguja, au kuruka kutoka uwanja wa Chake. Lala Dar, chunguza njia ya kwenda ubalozini jioni yake, maana foleni za barabarani za Dar hazijui kuwa wewe una miadi. Saa iliyoandikwa kwenye barua ni ya kizungu: 08:30 ni saa mbili na nusu asubuhi. Kama siku iliangukia Ramadhani, pumzika usiku na upange usafiri wako wa kurudi baada ya futari.

Chukua pasi, barua ya miadi, karatasi za asili pamoja na nakala na tafsiri zake kama orodha ya ubalozi inavyotaka, na kila kitu kilichobadilika tangu ulipoomba: mtoto aliyezaliwa, kazi mpya ya mumeo, nyumba aliyohamia. Watu huogopa kutaja mabadiliko. Mwenzako atayataja kule, nawe ukinyamaza utaonekana hujui. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75, lakini mke au mume wa raia wa Ujerumani amesamehewa ada hiyo kwa sheria, kwa hivyo asimlipe mtu yeyote anayejifanya kuikusanya.

Hatua ya 9: Ndani

Vaa kama unavyovaa. Hijabu haina tatizo. Salimia, kaa, sikiliza swali mpaka mwisho.

Chagua lugha unayoimudu kweli, hata kama Kiingereza chako kinatosha kwa wageni wa hoteli. Mahojiano ya ndoa yana maneno ya eda, walii na ukwe ambayo kwa Kiswahili utayasema bila kupapasa. Omba mkalimani mapema, na ukimsikia anafasiri sivyo, mkatize kwa upole pale pale.

Maswali ya kitandani hayana nafasi hapo. Likija, sema kwa utulivu kuwa hilo ni la faragha na uko tayari kujibu mengine. Lakini tofautisha: chumba kina kitanda cha aina gani, nani hulala upande wa ukutani, hayo ni maswali ya nyumba, yajibu.

Mwisho utapewa maandishi ya ulichosema uyatie saini. Watu wamechoka, wanataka boti ya jioni, wanasaini. Usisaini kabla ya kusomewa yote kwa lugha unayoifahamu. Tarehe ikiwa imekosewa, jina la mji likiwa si lile, sema isahihishwe na sahihisho liandikwe. Karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa karibu na ya mwenzako, na ndiyo itakayosomwa mahkamani ikifika huko. Ulichokisema kwa mdomo hakitakuwepo.

Ukitoka, ndipo mpigie. Kama mmetofautiana katika jambo zito, msilifunike. Andikeni maelezo mafupi siku hiyo hiyo mkiyapeleka ubalozini na kwa Idara ya Wageni, mkisema wazi nani alikosea na kwa nini.

Hatua ya 10: Jibu

Likiwa ndiyo, viza utakayopewa ni ya kuingilia. Ukifika una wiki 2 tangu kuhamia nyumbani kujiandikisha manispaa, kisha unakwenda Idara ya Wageni kuchukua kibali cha ukaazi, ambacho kinakuruhusu kufanya kazi.

Likiwa hapana, isome barua yote kabla ya kulia. Zamani kulikuwa na njia ya kuuandikia ubalozi malalamiko wakaangalia tena, na bado kuna wanaowashauri watu hivyo. Njia hiyo ilifutwa tarehe 1 Julai 2025. Yaliyobaki ni kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichokosekana, au kufungua kesi katika mahkama ya utawala ya Berlin, na muda wa kesi ni mwezi mmoja tangu kupokea barua yenye maelezo ya haki hiyo. Kama sababu ni karatasi, omba upya. Kama wamesema ndoa ni ya kuigiza, mwenzako atafute wakili wa mambo ya wageni huko huko aliko, na jambo la kwanza wakili atakalolitaka ni kuyaona yale maandishi mliyoyatia saini.

Na la mwisho, hasa kwa wasichana wetu, maana hakuna atakayekwambia ukiwa na furaha ya tiketi. Kwa miaka 3 ya mwanzo ukaazi wako unategemea kuishi kwenu pamoja kama mtu na mkewe. Baada ya hapo unakuwa na haki yako mwenyewe hata mkiachana. Lakini mwanamke anayepigwa au kunyanyaswa hatakiwi kuvumilia mpaka miaka hiyo itimie: kifungu cha 31 cha sheria ile ile kinamlinda, kwa sharti athibitishe. Simu ya msaada kwa wanawake nchi nzima ni 116 016, haitozwi pesa, iko wazi mchana na usiku. Iandike kwenye daftari lile lile la tarehe.